Kupanga msimu wa maonyesho chuoni Dodoma: kalenda kwanza, tamthilia baadaye

Kikao cha kupanga msimu huharibika kwa swali la kwanza. Mtu anafungua daftari na kuuliza, "Jamani, mwaka huu tufanye tamthilia gani?" Kila mmoja anataja aipendayo, mwingine anataka tumsubiri amalize kuandika ya kwake, na saa moja baadaye kuna majina sita ubaoni. Hakuna aliyeuliza mvua inaanza lini, bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) linatoka lini, wala Bunge linakaa lini. Hapa Dodoma mambo hayo matatu yamevunja maonyesho mengi kuliko uigizaji mbovu.

Mwongozo huu ni wa mhadhiri, mratibu au kiongozi wa wanafunzi anayetaka kuandaa msimu wa mwaka mzima wa masomo, wenye maonyesho ya wanafunzi na walau moja la wasanii wa kulipwa. Nimeupanga kwa mtiririko ninaoufuata mwenyewe, baada ya kukosea mitiririko mingine.

Hatua ya 1: Andika kalenda ya mji

Chukua karatasi ya manila, igawe kwa miezi kuanzia Novemba hadi Julai, kisha jaza kwanza yale usiyo na uwezo wa kuyabadili.

Anza na mvua. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Kumbi nyingi tunazozipata zimeezekwa bati, na baadhi hazina dari. Mvua ya Januari ikitua juu ya bati hilo, hata mwigizaji mwenye kifua cha muadhini hasikiki safu ya tatu. Kuanzia Juni mvua hakuna kabisa, lakini upepo upo, na usiku baridi inauma kiasi cha watu kuondoka kabla mchezo haujaisha. Kwa hiyo maonyesho ya nje ni ya alasiri. Anza saa kumi kamili. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na ukimaliza kabla ya hapo umeokoa gharama yote ya taa.

Mitihani ya mwisho wa muhula ipake rangi nyekundu, pamoja na wiki mbili zinazoitangulia. Mwanafunzi mwenye supu (mitihani ya kurudia) mbili hatakuja mazoezini hata umpe uhusika mkuu, na akija akili yake itakuwa maktaba.

Bumu nalo lina nafasi yake kwenye manila. Tiketi ya shilingi 3,000 katika wiki ambayo mkopo umetoka ni kitu kidogo. Wiki sita baadaye pesa hiyohiyo ni chakula cha siku na nauli ya kushuka mjini. Tarehe kamili huwezi kuijua, lakini ukiweka onyesho la wanafunzi mapema katika muhula badala ya kulisukuma mwishoni, utalikuta bumu halijaisha mifukoni.

Kisha Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwishoni mwa Juni. Nyumba za wageni hujaa na bei hupanda, jambo litakalokuumiza ukileta wasanii kutoka nje bila kuwawekea vyumba mapema. Hata hivyo, huo ndio wakati mji una watu wengi wenye pesa ya kiingilio na jioni zisizo na shughuli: wabunge na wasaidizi wao, maofisa waliokuja kikazi, waandishi wa habari. Wenzangu wengi huukwepa mkutano wa bajeti. Mimi onyesho la kulipia naliweka humo humo, Mei, na vyumba naviwekea oda Februari.

Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili karatasi ya mwaka jana. Weka alama pia tarehe 27 Machi, Siku ya Sanaa za Maonyesho Duniani, inayoadhimishwa tangu 1962. Ni kisingizio kizuri cha kumwomba mkuu wa idara ukumbi.

Hatua ya 2: Gawa nafasi zilizobaki

Ukishafuta yote hayo utabaki na nafasi nne, wakati mwingine tatu. Usilazimishe ya tano.

Ya kwanza ni Desemba, kabla mvua haijakolea: onyesho dogo la wanafunzi, ndani ya darasa lililoondolewa meza, watazamaji 60 hadi 80. Ni la kuwapima wa mwaka wa kwanza na kumpa mwanafunzi wa uongozaji nafasi ya kukosea bila aibu kubwa. Ya pili ni mwishoni mwa Machi au Aprili, tamthilia kubwa ya idara yenye watu wengi jukwaani. Ya tatu ni Mei, wasanii wa kulipwa pamoja na wanafunzi. Ya nne ni Juni mwanzoni, kazi ya kuzunguka: uwanjani chuoni siku moja, halafu vijijini kama Chamwino au Bahi, bila jukwaa na bila kipaza sauti.

Tazama mpangilio wenyewe. Wengi huweka wasanii wakubwa mwisho wa msimu, kama keki ya harusi. Tatizo ni kwamba wanafunzi wakijifunza kitu kutoka kwao mwezi wa mwisho, hawana pa kukitumia; wanakwenda mitihani, wanakwenda mafunzo kwa vitendo, wamesahau. Wakija Mei, mwigizaji wa mwaka wa pili aliyefanya mazoezi na mkongwe kwa wiki mbili anaingia uwanjani Juni na miguu mipya.

Hatua ya 3: Sasa chagua tamthilia

Kila nafasi sasa ina masharti yake, na kuchagua kumekuwa rahisi. Nafasi ya Aprili inahitaji mchezo wenye umati. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, bado inafaa darasa lenye watu 30, kwa sababu vita vya Maji Maji haviwezi kuonyeshwa na watu watano, na hata asiye na mstari wa kusema ana kazi ya kufanya jukwaani. Nafasi ya Desemba inataka kinyume chake: wahusika wachache, mahali pamoja, vifaa vya kubebeka kwenye bajaji moja.

Jambo ambalo idara nyingi hulisahau: shule za sekondari. Tamthilia iliyo kwenye orodha ya vitabu teule vya Kiswahili ina watazamaji wanaokusubiri tayari. Mwalimu wa kidato cha nne aliyehangaika kueleza dhamira na wahusika ubaoni atakuletea basi zima la wanafunzi ukimpa onyesho la saa nne asubuhi kwa bei ya punguzo. Nenda kaulize orodha ya sasa, maana mitaala inabadilika. Kwa miaka mingi *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba ilikuwa humo, na kuiigiza mbele ya vijana waliokariri mistari yake ni raha na ni hatari, ukiruka sentensi, wanakukumbusha kwa sauti.

Tukiwa hapo hapo kwa Ngoswe, kuna pale Mzee Mitomingi anapozichoma karatasi za sensa. Kila mwongozaji kijana anataka moto wa kweli. Mwambie hivi: karatasi tatu tu, ndani ya ndoo ya bati yenye mchanga hadi nusu, mita mbili kutoka kwenye pazia lolote, na mtu mwenye ndoo ya pili ya mchanga amekaa pembeni ya jukwaa bila kazi nyingine yoyote. Kama hana mtu wa kumkalisha hapo, atumie taa nyekundu na kipande cha kitambaa.

Hatua ya 4: Haki na vibali

Hatua hii inachosha kuliko zote, na usipoianza miezi mitatu kabla itakuchosha zaidi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa maana hiyo tamthilia zetu za Kiswahili karibu zote bado zina mwenyewe: mwandishi, warithi wake au mchapishaji. Watu huteleza kwenye tafsiri. Shakespeare alikufa 1616 na kazi zake za Kiingereza ni za kila mtu, lakini *Mabepari wa Venisi* ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999. Hesabu mwenyewe: tafsiri hiyo bado ina ulinzi hadi 2049. Andika barua kwa mchapishaji, taja idadi ya maonyesho, idadi ya viti na kama kuna kiingilio. Barua fupi yenye namba hujibiwa haraka kuliko barua ndefu yenye shukrani. Kwa muziki uliorekodiwa, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio pa kuuliza.

Kwa upande wa vibali, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inagusa pia michezo ya jukwaani, na wasanii unaowaalika wana mambo yao na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ukitoka nje ya geti la chuo na kuuza tiketi kwa umma, anza kwa Afisa Utamaduni wa Jiji. Atakuonyesha mlango unaofuata. Vijijini anza na mtendaji wa kijiji, na uende mwenyewe ukaonekane, usipige simu tu.

Hatua ya 5: Fedha

Kama chuo chenu ni cha umma, mapato ya mlangoni yanaingia kwa kontrol namba (namba ya malipo ya serikali), na yakishaingia hayarudi kesho yake kununua rangi. Panga bajeti ukijua kwamba pesa ya onyesho la Desemba haitakusaidia Aprili. Omba masurufu (fedha ya kutanguliziwa kwa matumizi) ya msimu mzima mapema, na kila risiti iende kwenye bahasha siku hiyohiyo, maana mratibu asiyefanya marejesho ya masurufu ya kwanza hapewi ya pili.

Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yasikule pesa. Soko la Sabasaba, kwenye mitumba, utavalisha kijiji kizima kwa bei ya suti moja ya kushonesha, mradi umtume mtu anayejua kuchagua kitambaa kinachopokea rangi. Pesa nzito iende kwenye vitu viwili: taa na usafiri wa usiku. Taa, kwa sababu watazamaji wanasamehe gauni baya lakini hawasamehi uso wasiouona. Usafiri, kwa sababu binti aliyemaliza mazoezi saa mbili usiku akiwa na njia ndefu ya kurudi bwenini hatarudi kesho, na hata akirudi, mzazi wake ana haki ya kukuuliza.

Kiingilio kiwe na bei tatu na zisizidi hapo: mwanafunzi wa chuo, shule, na mtu wa mjini. Kadi za bure ziandikwe majina. Nimewahi kuona ukumbi "uliojaa" ambao nusu yake ilikuwa marafiki wa kamati ya tiketi.

Hatua ya 6: Odisheni na mazoezi

Odisheni ya msimu mzima fanya mara moja, Novemba, siku mbili. Mwombe kila mmoja alete dakika mbili za kitu alichokariri na wimbo wa kwao. Huo wimbo una kazi. Kijana wa Kigogo aliyekulia kwenye zeze na ilimba, ala za kwao, au dada aliyemwona bibi yake akipiga muheme ngoma ikiwa imebanwa mapajani, ana mdundo mwilini ambao darasani hufundishi kwa miaka mitatu. Hukwe Zawose, aliyeipeleka sauti ya Wagogo hadi majukwaa ya Ulaya, alitoka mkoa huu huu. Ni jambo la ajabu kuona idara ya Dodoma ikitafuta muziki wa onyesho kwenye simu.

Mazoezi ya wanafunzi: wiki sita, siku nne kwa wiki, saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu. Wiki ya kwanza kusoma mezani tu. Wiki mbili zinazofuata kupanga miondoko. Mwanzoni mwa wiki ya nne skripti zinawekwa chini, na asiyekariri anaigiza hivyo hivyo huku akiona aibu. Wiki ya mwisho ni ya taa, maleba na mapito mawili bila kusimama.

Msimamizi wa jukwaa mteue siku ya odisheni, kabla hata ya mhusika mkuu. Asiwe yule aliyekosa nafasi ya kuigiza ukamwonea huruma. Unatafuta mtu anayefika kabla ya wengine na asiyeogopa kumwambia mhadhiri, "Mwalimu, muda umekwisha." Mpe daftari gumu. Kila badiliko la taa, kila ngoma, kila mlango unaofunguliwa uandikwe kando ya mstari wake, kwa penseli.

Hatua ya 7: Kuwaleta wasanii wa kulipwa

Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, msanii wa Dar anaweza kuja na kurudi siku moja. Safari ni kama saa tatu na nusu. Hilo limetusaidia, na limetuletea kishawishi kipya: msanii anakuja asubuhi, anaigiza usiku, kesho hayupo. Likataze kwenye mkataba. Akae siku kumi za kazi au zaidi, asubuhi afundishe saa mbili, jioni afanye mazoezi.

Mkataba uwe wa kurasa mbili na utaje malipo, lini yanalipwa, nani analipia chumba, chakula na nauli, na nini kinatokea onyesho likiahirishwa. Kabla ya kutaja kiasi, kaa na mhasibu akueleze kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla msanii hajalipwa. Nimewahi kuona ugomvi wa siku mbili kwa sababu msanii alisikia kiasi kimoja kwenye simu na kupokea kingine benki, na wote wawili walikuwa wakweli.

Kila msanii mgeni apewe mwanafunzi mmoja wa kumfuata: wa taa na wa taa, wa maleba na wa maleba, mwigizaji na mwigizaji aliyejifunza mistari ileile. Mkongwe mmoja aliyetoka Bagamoyo aliwahi kukataa mwanafunzi wake asibebe begi lake. Alimwambia, "Mwanangu, wewe beba daftari." Mwanafunzi yule akaandika jinsi mzee alivyokuwa akipumua kabla ya kuingia jukwaani: mara nne, mkono kwenye mlingoti wa pazia, macho kwenye miguu ya watazamaji wa mbele. Usiku wa tatu mzee akaamka na mafua, sauti imekauka, na kijana akaingia badala yake. Hakuigiza kama mzee. Ila kabla ya kuingia alishika mlingoti.

Usiwape wageni wahusika wote wakubwa. Ukifanya hivyo, wanafunzi watajifunza kupanga viti.

Hatua ya 8: Ukumbi na usiku wenyewe

Chagua ukumbi kwa kupiga makofi. Simama jukwaani, piga kofi moja, sikiliza. Mwangwi ukirudi zaidi ya mara moja, mazungumzo ya haraka yatageuka uji. Chimwaga ni ukumbi wenye historia, ulianza kama ukumbi wa mikutano ya chama kabla chuo hakijawepo pale, lakini ukumbi wa ukubwa ule utaumeza mchezo wa watu wanne. Ni afadhali chumba cha watu 120 kilichojaa hadi milangoni.

Kwa umeme, kodi jenereta, na iwashwe mapema kwa majaribio na mzigo wote wa taa, si taa moja. Iwekwe upande upepo unakoelekea, mbali na madirisha, kelele na moshi visirudi ndani.

Kwa mvua, uwe na mpango ulioandikwa. Desemba moja tulikuwa kwenye ukumbi wa bati usio na dari, dakika ya kumi na mbili, mama mzazi akimlilia mwanawe aliyekamatwa. Tone la kwanza, la pili, kisha bati lote. Mwigizaji akaendelea kusogeza midomo. Ukumbi mzima ukawa unatazama samaki. Sisi waalimu tulikuwa nyuma tunatazamana. Msimamizi wa jukwaa, binti wa mwaka wa pili, hakutuuliza. Alimnyooshea kidole mpiga ngoma, ngoma ikaanza kufuata mvua, na wale waliokuwa wakisubiri zamu nyuma ya pazia wakaingia wakiimba wimbo wa msiba ambao tulikuwa tumeuweka mwisho wa mchezo. Waliuimba dakika 20. Mvua ilipopungua, mama akarudia mstari wake wa kwanza.

Kwa hiyo sasa kila onyesho la Desemba hadi Aprili lina wimbo wa mvua: umefanyiwa mazoezi, umeandikwa kwenye daftari la jukwaa, na msimamizi ana mamlaka ya kuuita bila ruhusa ya mtu. Kuna mwaka haujatumika hata mara moja, na waigizaji wakanuna.

Kwa maonyesho ya nje, pazia la nyuma usilifunge kwenye miti miwili ukaondoka. Litoboe matundu kama nusu mwezi ili upepo upite, na chini lishikwe na mifuko ya mchanga. Waigizaji wasimame upande unaotoka upepo, watazamaji upande unaoenda. Sauti itabebwa yenyewe.

Hatua ya 9: Asubuhi inayofuata

Kusanya maleba kabla hayajavaliwa kwenye sherehe ya mahafali ya mtu. Yafuliwe, yakaushwe, yaandikwe namba na kufungiwa kwenye sanduku la bati, maana mchwa wa hapa hawachagui. Fanya marejesho ya masurufu wiki hiyohiyo. Kisha keti na msimamizi wa jukwaa, wewe na yeye tu, mpitie daftari lake ukurasa kwa ukurasa, umwache aseme wapi mlichelewa na kwa nini. Daftari likae idarani kwenye kabati lenye ufunguo, pamoja na ile manila, kwa sababu Oktoba mtu atafungua kikao na kuuliza tamthilia gani.